Simbilisi wa binti yangu kaumia jicho, sasa nyumba nzima tunaangaliana vibaya

Shikamoo Anti,

Naomba usiandike jina langu, weka tu Mama wa Kimara, maana mawifi zangu wanaisoma safu yako na hili jambo likijulikana limetoka kwangu sitakuwa na pa kuweka sura.

Mme wangu kwao Makambako. Likizo ya mwisho wa mwaka tulienda huko na bibi akawazawadia watoto simbilisi wawili madume, vile vinyama vifupi visivyo na mkia, wengine wanaviita pimbi. Kwa bibi simbilisi ni mboga, wanazunguka humo humo jikoni wakiokota maganda na mabaki ya majani, akija mgeni wanapungua wawili watatu maisha yanaendelea. Ila binti yangu, yuko darasa la nne, hakuwaona kama mboga ata dakika moja. Akawapa majina, Kashata na Bonge, akanisumbua mpaka nikaita fundi akatengeneza banda la wavu pale kibarazani, na akitoka shule kabla hata ya kuvua soksi yuko bandani anaongea nao. Na wao wanamjibu, wakisikia geti tu wanaanza miluzi.

Sasa wiki iliyopita asubuhi akaja analia kwamba Kashata hafungui jicho. Nikaenda kuangalia, jicho la kushoto limefumba nusu, manyoya chini yake yamelowa, nikimsogezea mkono anarudisha kichwa nyuma. Kufika mchana katikati ya jicho pakaanza kuwa na ukungu wa bluubluu hivi. Nikaenda duka la dawa za mifugo, kijana wa pale akaniuliza ni kuku au mbuzi, nikasema simbilisi, akacheka akasema dawa ya simbilisi hana. Jioni wifi yangu ambaye ni nesi akaja na kichupa cha matone kilichobaki mwanae alipougua macho, kimeandikwa deksamethazoni na neomaisini, ndio tunamtia mpaka leo. Wekundu naona kama umepungua ila ule ukungu umeongezeka, na sa hivi anakula kwa kuchagua, majani laini anakula, mabingobingo anayaacha.

Kuna daktari wa mifugo alikuja kwa jirani kuchanja mbwa nikamuomba apitie. Akamulika na tochi ya simu, dakika mbili zikizidi, akasema hili jicho limekwisha mama, ama nilitoe kwa laki na nusu ama mchinjeni mapema kabla hajakonda. Mme wangu kusikia laki na nusu alicheka mpaka akakaa chini. Anasema Makambako kwa hela hiyo unanunua simbilisi wa kujaza banda, yeye hawezi kulipia mboga operesheni, Jumapili anachinja. Nilipolalamika akasema basi sawa, kwa huruma yake ataanza na amoksilini iliyoko kabatini, afungue kapsuli amwagie kwenye maji, ikigoma ndio kisu.

Ila Anti hilo silo linaloninyima usingizi. Tunaishi na mtoto wa marehemu kaka yake mme wangu, yuko form one, tunamwita Dogo. Kukata majani na kubadilisha maranda bandani ni kazi yake. Jioni ya kuamkia ile siku yeye ndio alikuwa wa mwisho kule, na binti yangu anaapa alimuona na kijiti. Nilimuuliza akasema hajui, nilipomuuliza tena mezani mbele ya wote akainamisha kichwa akanyamaza kabisa, na mtu asiye na kosa anyamaze kwa nini? Toka hapo binti hamsalimii, mme wangu kaninunia anasema natafuta sababu ya kumrudisha mtoto wa kaka yake kijijini, na mimi kusema kweli hilo wazo lilishanipitia.

Nina hela yangu ya kikoba. Nimfanyie Kashata hiyo operesheni kimya kimya? Au nimwache baba yao achinje alafu nimwambie mtoto alikufa mwenyewe? Na huyu Dogo nimfanyeje, maana anayechoma jicho la mnyama leo kesho atachoma nini?

Mama wa Kimara

ANTI ANAJIBU

Marahaba mdogo wangu, na pole na wote hapo ndani, Kashata akiwa wa kwanza.

Umeniletea kesi tatu kwenye barua moja. Kuna jicho, kuna hela na baba watoto, alafu kuna Dogo. Na zote tatu umezijenga juu ya mambo mawili: kwamba jicho limekwisha, na kwamba mtu alilichoma. Mimi nimesoma barua yako mara mbili na sioni mahali ambapo lolote kati ya hayo limethibitishwa. Jicho lilimulikwa na tochi ya simu, na Dogo alinyamaza. Ndicho tulichonacho.

Nianze na jicho kwa sababu hao wengine wanaweza kusubiri mpaka Jumapili, lenyewe haliwezi.

Hiyo amoksilini, mwambie baba watoto leo hii asiitie kwenye maji wala kwenye chakula, na mwambie kwa upole kwa sababu nia yake ilikuwa nzuri. Utumbo wa simbilisi unaendeshwa na bakteria wazuri, ndio wanaomsagia majani. Dawa za jamii ya penisilini zikipita mdomoni zinawaua hao, wanabaki wabaya wanaotoa sumu, na mnyama anaweza kuharisha akafa ndani ya siku chache wakati jicho ndio kwanza linaanza kupona. Amoksilini, ampisilini, klindamaisini, erithromaisini, zote kaa nazo mbali. Hata ile tyubu ya macho ya tetrasaikilini tunayoijua wote usimpake bila kumuuliza daktari, maana huyu anajifuta uso kwa miguu ya mbele kisha anailamba.

La pili ni kichupa cha wifi yako. Najua ni nesi na alikuja kwa upendo, na kwa mtoto wake inawezekana kabisa ilikuwa dawa sahihi. Ila deksamethazoni ni stiroidi. Inapunguza wekundu na uvimbe, ndio maana ukaona afadhali, lakini kama juu ya jicho kuna kidonda stiroidi inakizuia kufunga, na kidonda kinaweza kuchimba ndani mpaka jicho likatoboka. Wekundu kupungua huku ukungu unaongezeka, mimi hilo linanitia wasiwasi. Isimamishe, na ukienda kwa daktari mwambie ulianza lini na ulikuwa unamtia mara ngapi.

Kwa sasa unachoweza kumfanyia nyumbani bila kumdhuru ni kumsafisha na maji ya drip, ile normal salini ya famasi, unalowesha pamba unafuta nje ya jicho taratibu kutoka upande wa pua kwenda nje, basi. Wala usitie asali, wala maziwa, wala maji ya chumvi ya kukadiria kwa mkono. Na ukiona ute mweupe wa maziwamaziwa unatoka kidogo akiwa anajisafisha uso usishtuke, huo simbilisi wote wanao, wanautumia kujioshea. Usaha ni mzito, una rangi, na unagandisha kope.

Angalia sana kula. Wanyama wanaowindwa hawaonyeshi maumivu, ukiona simbilisi amejikunja, manyoya yamesimama, anasaga meno, ujue ameumwa muda. Umesema anaacha mabingobingo anakula laini. Hiyo inaweza kuwa maumivu ya jicho, ila pia inaweza kuwa meno, na hapa watu wengi hawajui kwamba meno ya simbilisi hayaachi kuota na mizizi ya yale ya juu iko karibu na jicho, jipu likitokea pale jicho linatoa machozi au linasukumwa nje. Kwahiyo daktari aangalie na mdomo. Mpime kila siku kwa mzani wa jikoni, uandike. Akipitisha nusu siku bila kula kabisa au vinyesi vikapungua ghafla hiyo ni dharura kuliko jicho lenyewe, inabidi alishwe kwa bomba la sindano lisilo na sindano, punje za chakula cha sungura zilizolowekwa zikalainika, kidogo kidogo pembeni mwa mdomo.

Mpe na hoho kila siku. Simbilisi ni kama sisi binadamu, mwili wake hautengenezi vitamini C, anahitaji kama miligramu 10 mpaka 30 kwa kila kilo ya uzito kwa siku na akiwa mgonjwa zaidi ya hapo, bila hiyo kidonda hakifungi vizuri. Chakula cha sungura cha dukani hakitoshi kwa hilo kwa sababu sungura anajitengenezea mwenyewe.

Sasa, je jicho limekwisha? Inawezekana. Inawezekana pia halijaisha. Namna ya kujua ipo na sio ya ajabu: kuna kikaratasi chembamba cha rangi ya chungwa kinaitwa fluoreseini, kinaloweshwa kinaguswa kwenye jicho, alafu daktari anamulika mwanga wa bluu, pale penye mkwaruzo panawaka kijani. Hapo ndio anajua kidonda kipo au hakipo, ni kikubwa kiasi gani, ni cha juu juu au kimechimba. Hivyo vikaratasi hata kliniki za macho za watu wanavyo, kwahiyo daktari wa mifugo asiyekuwa navyo anaweza kuvipata. Anatakiwa pia afunue kope aangalie ndani, maana kipande cha jani au mbegu ya nyasi kikijificha pale hakuna dawa itakayosaidia mpaka kitoke. Yule daktari wa jirani simlaumu, alikuja kuchanja mbwa ukamuomba njiani, ila dakika mbili za tochi hazitoshi kuhukumu jicho.

Kama ni mkwaruzo wa juu juu, kwa matone sahihi ya antibayotiki yasiyo na stiroidi pamoja na dawa ya maumivu ambayo daktari anaipima kwa uzito wake (sio dawa za maumivu za watu tafadhali) mara nyingi unafunga ndani ya siku chache mpaka wiki na kidogo. Unaweza kubaki na kovu jeupe, ataishi nalo. Kama umechimba, au stiroidi imeshafanya uharibifu, basi kulitoa ni njia ya kweli ya kumuondolea maumivu. Na simbilisi wa jicho moja anaishi vizuri tu, sehemu kubwa ya maisha yake anaongozwa na pua, masikio na masharubu.

Hatari ya operesheni hiyo sio jicho, ni nusu kaputi. Utafiti mkubwa wa Uingereza uliochapishwa 2008 uliona simbilisi karibu 4 katika kila 100 wanakufa wakati wa nusu kaputi au ndani ya saa 48 baada yake, wakati kwa mbwa hata 1 kati ya 500 hafiki. Sikutishi, nataka uingie ukiwa unajua. Kwahiyo kabla hujatoa hata shilingi muulize daktari: umeshawahi kumlaza simbilisi au angalau sungura? Utamtunzaje joto akiwa amelala? Ataondoka na dawa gani ya maumivu? Akikwambia umfungishe chakula usiku kucha kama mbwa, muulize kwa nini, kwa sababu simbilisi hatapiki na tumbo lake kukaa tupu ndio hatari. Daktari wa kweli hakasiriki kuulizwa. Hapo Dar tafuta kliniki inayotibu wanyama wa nyumbani, sio paka na mbwa tu, na kama utakwama Morogoro sio mbali, Chuo Kikuu cha Sokoine wana hospitali ya wanyama ya kufundishia.

Tuje kwa Dogo.

Unajua kinachowaumiza macho simbilisi mara nyingi ni nini? Ni nyasi. Macho yao yametokeza pembeni ya kichwa, na wanakula kwa kuzamisha uso mzima kwenye majani. Mabingobingo unayajua yalivyo, pembeni yanakata, na shina lililokauka ncha yake ni mwiba. Mtu akisukuma fungu la majani mapya bandani huku wao wamekimbilia chakula, bua moja likikaa vibaya imetosha. Sababu nyingine ni maranda yenye vipande vikali. Na ya tatu ni hao wawili wenyewe, umesema ni madume, na madume wakikua wanagombania ukubwa. Mkague Kashata masikio, midomo na matako, kama ana alama za meno basi mshtakiwa wako anaitwa Bonge, watenganishe kwa wavu ila waendelee kuonana, maana kukaa peke yake kabisa simbilisi hawezi.

Kijiti alichoonekana nacho, mtoto anayesafisha banda anakwangua na nini? Nauliza tu.

Sijasema hakufanya. Inawezekana alifanya, kwa bahati mbaya au kwa hasira, watoto waliofiwa wana hasira ambazo hata wao hawajui zimetoka wapi. Ninachokuomba ufikirie ni kule kunyamaza. Mara ya kwanza ulipomuuliza alijibu. Mara ya pili ulimuuliza mezani, mbele ya baba mdogo wake, mbele ya binti anayeapa, katika nyumba ambayo anajua sio ya baba yake. Angesema nini? Akikana anaitwa muongo, akikubali anarudishwa. Mimi kwenye umri ule ningeangalia sahani pia.

Ukitaka kujua ukweli, labda mkae wawili tu, mkiwa mnafanya kitu, na usianze na "nani". Muulize majani anayaingizaje, banda anasafishaje, aliona lini jicho likiwa zima. Huenda ukasikia jambo litakalomsaidia hata daktari. Ila kabla hujamuuliza jiulize wewe, akikwambia ndio ni mimi, utafanya nini? Kama jibu ni basi la Makambako, atakuwa alikuwa na haki ya kunyamaza. Na kama unamuona kweli anatesa wanyama mara kwa mara, anafurahia wakilia, hilo ni jambo la kuongea na mwalimu wa malezi shuleni kwake, na kumrudisha kijijini hakulitibu, kunalihamisha.

Baba watoto naye tusimfanye katili. Amekulia kwenye nyumba ambayo simbilisi ni mboga, na hata huko Peru milima ya Andes walikoanza kufugwa maelfu ya miaka iliyopita walifugwa waliwe, na wanaliwa mpaka leo. Kucheka kwake laki na nusu ni kucheka kwa mtu wa Makambako. Lakini soma tena ulichoandika: kanuna kwa sababu ya Dogo. Mimi nahisi, na naweza kuwa nakosea, Jumapili ya kisu ni njia yake ya kufunga kesi, simbilisi akiisha na mashtaka dhidi ya mtoto wa kaka yake yanaisha. Ukianza na hilo, kwamba humrudishi Dogo kokote kwa sababu ya jicho, huenda mazungumzo ya hela yakawa mepesi zaidi. Ila umwambie kama kweli umeamua hivyo, sio kama chambo.

Kuchinja kwenyewe kuna kikwazo ambacho hata bibi atakikubali, mnyama aliyetiwa dawa haliwi mpaka dawa iishe mwilini. Jumapili hii mboga sio mboga. Kama daktari ataona haponi na operesheni haiwezekani, kumlaza kwa sindano asiamke tena ni njia ya heshima, na sitakuona mbaya ukiichagua. Sio kila nyumba ina laki na nusu ya simbilisi.

Hela ya kikoba ni yako, nani ataitumia vipi sio mimi wa kukupangia. Ninachokiona ni kwamba kimya kimya haitawezekana. Kashata atarudi na jicho moja na mshono, baba atauliza. Labda usianze na laki na nusu, anza na hela ya kumuona daktari na hicho kikaratasi, ambayo ni ndogo zaidi, na uiseme wazi. Mkishajua jicho likoje mtabishana juu ya kitu kinachojulikana.

Na binti yako, hilo la "alikufa mwenyewe" mimi ningeliogopa. Anaishi nyumba moja na watu wanne wanaojua, na mmoja wao ni Dogo, ambaye atakuwa ameshikishwa siri ya watu waliomuita muongo. La nne ni mkubwa wa kutosha kuambiwa kwamba Kashata anaumwa sana, tunampeleka, anaweza kupona na anaweza asipone. Atalia. Na kuhusu kijiti, mwambie aliona kijiti, hakuona kikiingia jichoni, hayo ni mambo mawili.

Piga simu kliniki kabla hujatoka, uliza kama wanaona simbilisi, usije ukachekwa tena. Boksi liwe na matundu na nguo laini chini badala ya maranda, mtie na Bonge asafiri na mwenzake kama hawagombani, weka majani laini na hoho njiani wale. Chukua kichupa cha wifi yako na karatasi ya uzito. Na kama hajala tangu asubuhi usisubiri kesho.